Vipimo vya Mlinzi wa Yodo

Kifua, sentimita mia moja na nne.
Kiuno, themanini.
Goti la kulia liongezwe kitambaa,
maana ndilo analoangukia.
Daftari hili nililirithi kwa fundi Isomura.
Linanuka gundi na jasho la watu wengine.

Watoto wa Osaka wanamjua kwa ngumi.
Mimi namjua kwa mishono.

Vazi la kwanza lilikuwa na mifuko minane.
Minane! Nani huenda vitani na mifuko minane?
Nilimuuliza fundi. Alikuwa anatunga uzi,
hakuinua macho. "Mwaka ule," akasema,
"hakuna mtoto aliyetaka shujaa wa kuruka.
Walitaka atakayekuja na mchele."
Basi Mlinzi alipigana dakika nne,
akagawa viazi vitamu dakika ishirini,
na makofi yote yalikuwa ya viazi.

Miaka ikanenepa. Viwanda vikakohoa usiku kucha.
Barua ikaja kutoka ofisini: mifuko izibwe,
mabega yapanuliwe kwa sponji.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaziba.
Ndani ya mfuko wa nane nilikuta punje ya mchele,
ngumu kama jino la maziwa.
Nikaiacha humo humo, nikashona juu yake.

Kisha wakataka kinyago kisicho na mdomo.
Ni miaka ile baba walirudi kwa treni ya mwisho,
tai zimelegea, hawana neno,
na nchi nzima ikawaita hodari.
Shujaa naye akafyata ulimi.
Jumapili moja alivunjika ubavu,
yaani Kurata, aliyekuwa ndani ya vazi.
Akamaliza onyesho. Akawainamia watazamaji.
Akazimia kwenye lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya tano.
Gazeti lilimsifu. Mkewe hakulinunua.

Hakuna anayejichorea mbawa
pale anapoweza kufika kwa miguu.
Kila nguvu niliyomshonea mtu huyu
ilikuwa jambo lililotushinda mchana.
Tukiogopa kumwambia jirani "pole,"
tunamvisha mwenzetu mpira, tunamtuma akaseme.
Na nguo ya kuazima, jamani, haisitiri matako;
mimi nimeuazima mji mzima nguo moja,
miaka arobaini na sita,
nikishangaa kwa nini tunasikia baridi.

Jumapili iliyopita, juu ya paa la duka la Hoshikawa,
zimwi lilikuwa limeshapigwa, limelala chali,
mkia umekunjika vibaya (zipu, nitaitazama).
Ukafika wakati wa maswali.
Chinami, miaka sita, pengo mbele,
akapewa kipaza sauti.
Tulitarajia lile la siku zote: unaweza kuinua basi?
"Huyu," akasema, akimwonyesha zimwi,
"kabla hujampiga, ulimuuliza anataka nini?"

Paa zima kimya. Spika ikalia kama panya.
Mlinzi hana mdomo. Alisimama mikono wazi,
kama mtu aliyefika mlangoni bila funguo.
Zimwi ndilo lililojibu, kwa sauti ya mzee Ogata,
nzito, ikipenya mpira:
"Maji. Humu ndani kuna joto."

Watu wakacheka. Chinami hakucheka.
Alipanda jukwaani na chupa yake ya chai ya shayiri,
na Mlinzi, jambo lisiloandikwa popote,
akapiga goti, lile la kulia,
akaliinua kichwa zimwi ili linywe.

Leo ni Jumatatu. Ofisi haijaleta barua.
Kinyago kiko mezani, mkasi uko mkononi,
na daftari la fundi halina mstari wa mdomo.
Nimeuchora mwenyewe, kwa penseli.
Sentimita ngapi, bado sijui.
Naanza na tundu la sindano.